Mitungi ya Gansu, ghala za Han, farasi wa Tang au mabakuli ya jahazini: uanze kukusanya kipi?

Mtu anayeanza kukusanya ufinyanzi wa kale wa China hukutana mapema na jambo la ajabu: mtungi wenye umri wa miaka 4,000 unaweza kupatikana kwa bei ya simu ya mkononi, ilhali farasi wa udongo mwenye miaka 1,300 anauzwa kwa bei ya nyumba. Umri haupangi bei. Kinachopanga ni wingi wa vitu vilivyofukuliwa, ladha ya wenye fedha, na karatasi zinazofuatana na kitu. Ndiyo maana kuuliza "kipi cha zamani zaidi?" hakumsaidii mnunuzi. Afadhali ajiulize yuko tayari kuishi na tatizo gani, kwa kuwa kila kundi kati ya haya manne lina tatizo lake, na hulinunui kundi ukaliacha tatizo dukani.

Makundi yenyewe ni haya: mitungi iliyochorwa ya utamaduni wa Majiayao kutoka Gansu na Qinghai, mikoa ya China; vyombo na vifano vya makaburini vya enzi ya Han (206 KK hadi 220 BK); sanamu za enzi ya Tang (618 hadi 907); na vyombo vya kauri vilivyoopolewa kwenye majahazi yaliyozama, hasa vya enzi za Ming na Qing. Hilo la nne si la kale kwa kiwango cha mengine. Nimeliingiza kwa sababu wengi wanaosita mbele ya matatu ya kwanza huishia hapo, na pia ndilo lenye undugu wa kweli na pwani ya Afrika Mashariki.

Vigezo vya kulinganisha

*Bei na upatikanaji.* Bei nitakazotaja ni za minada ya kawaida ya Ulaya na Marekani, kwa vitu vizuri lakini si vya kiwango cha makumbusho. Madukani bei hupanda.

*Ughushi na ukaguzi.* Kipimo kinachotajwa kila mahali ni TL (thermoluminescence), kipimo cha umri wa udongo uliochomwa. Udongo una chembe za kwatzi na feldspa zinazoweka akiba ya nishati kutokana na mionzi ya asili, mwaka hadi mwaka. Chombo kikichomwa tanurini, akiba hiyo hufutika na kuanza upya. Maabara hutoboa tundu dogo mahali pasipoonekana, huchukua unga kidogo, huupasha joto na kupima mwanga unaotoka. Jibu halitakupa mwaka kamili, lakini halihitajiki kufanya hivyo. Kazi yake ni kutenganisha miaka 1,300 na miaka 30.

Udhaifu wake uko kwingine. Kipimo kinasema habari za pale palipotobolewa tu. Kitako cha kale kikiungwa na mwili mpya, na tundu likatobolewa kitakoni, cheti kitatoka safi. Tofali la kaburi la Han likichongwa kuwa sanamu, maabara itasema, bila kudanganya, kwamba udongo ni wa Han. Wapo hata wanaopiga kitu kipya mionzi ili kuijaza ile akiba. Kwa hiyo cheti kiwe na picha ya kitu chenyewe inayoonyesha matundu yako wapi, na namba yake uithibitishe kwa maabara iliyokitoa, si kwa muuzaji.

*Hati na sheria.* Hapa ndipo wengi hupitia haraka, na ndipo fedha nyingi hupotelea. Kwa sheria ya China, kitu cha kale kilichofukuliwa ardhini ni mali ya taifa, na vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1911 kwa kawaida haviruhusiwi kutoka nchini. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou wakionyeshwa sokoni "farasi halisi wa Tang", basi ama ni bandia ama ni jinai. Hakuna njia ya tatu.

Nje ya China kuna miaka ya kukumbuka. Mkataba wa UNESCO wa 1970, wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni, ndio mstari ambao makumbusho mengi huutumia: kitu kilitoka kwao kabla au baada ya hapo? Marekani iliwekeana mapatano na China Januari 2009, ikazuia kuingizwa kwa vitu vya kiakiolojia kuanzia zama za mawe hadi mwisho wa Tang, mwaka 907, isipokuwa kwa ushahidi kwamba kitu kilikuwa nje ya China kabla ya hapo au kina kibali. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 28 Juni 2025, unadai leseni ya kuingiza vitu vya kiakiolojia vyenye umri unaozidi miaka 250, hata kama bei yake ni ndogo. Maana yake kwa ndugu aliyeko Hamburg au Brussels: mtungi wa dola 400 ulionunuliwa kwa mtandao kutoka Hong Kong unaweza kuishia mikononi mwa forodha.

Hati nzuri si lazima iwe ya kifahari. Risiti ya zamani, ukurasa wa katalogi ya mnada wenye picha, karatasi ya bima, hata picha ya sebuleni yenye tarehe. Cheti cha "uhalisi" alichochapisha muuzaji mwenyewe si hati.

*Kuishi nacho.* Ukubwa, udhaifu, unyevu, chumvi, watoto. Nitarudi hapo kwa kila kundi.

Mitungi ya Majiayao

Mjiolojia wa Kiswidi, Johan Gunnar Andersson, alichimba Yangshao mkoani Henan mwaka 1921, kisha mwaka 1923 na 1924 akaelekea Gansu, ambako wenyeji walikuwa tayari wanauza mitungi kutoka makaburini. Mingi aliyoipata iko leo katika makumbusho ya Stockholm. Wakusanyaji huzungumzia hasa awamu mbili za mwisho: Banshan, takriban 2600 hadi 2300 KK, na Machang iliyofuata hadi karibu 2000 KK. Ya Banshan ni minene ya tumbo, michoro yake mizunguko mikubwa ya rangi nyeusi na nyekundu ya zambarau, kingo zikiwa na meno kama msumeno. Ya Machang ina michoro mikavu zaidi, pamoja na ule unaoitwa wa chura.

Mchoro huishia katikati ya tumbo. Chini udongo umeachwa mtupu. Uweke mtungi sakafuni ukiwa umesimama, uutazame kutoka juu: sehemu tupu inatoweka kabisa, na ile mizunguko inajipanga kuizunguka shingo. Ukiuweka kwenye rafu ya juu umeupoteza.

*Bei na upatikanaji.* Mitungi midogo ya Machang huenda kwa dola mia chache. Banshan nzuri, mikubwa, dola elfu moja hadi elfu tano hivi. Ipo mingi kwa sababu maeneo ya mazishi ni makubwa mno. Pale Liuwan, Qinghai, wanaakiolojia peke yao walifukua makaburi zaidi ya 1,500. Miaka ya 1980 na 1990 wezi wa makaburi nao walifanya kazi, soko likafurika.

*Ughushi.* Mtungi mzima wa bandia upo, ila maradhi ya kawaida ni kupakwa rangi upya. Mitungi hii ilijengwa kwa kuzungusha kamba za udongo, ikasuguliwa ikang'aa, ikachorwa, ndipo ikachomwa. Rangi iliyochomwa haitoki. Chukua pamba yenye maji kidogo, ipitishe mahali pasipoonekana: pamba ikirudi nyeusi, mtu ameongeza mchoro. Kisha chukua lenzi utafute ukoko mweupe wa chokaa uliotokana na ardhi. Ukoko unapaswa kukaa juu ya mstari wa rangi. Mstari ukipita juu ya ukoko, umechorwa baadaye. Ingiza mkono ndani uguse ukuta. Vidole vitahisi mawimbi ya kamba za udongo, wala hutakuta michirizi myembamba, sawasawa, ya gurudumu la kasi.

*Hati na sheria.* Hili ndilo tatizo la kundi hili. Kwa kuwa mingi ilitoka China miaka ya 1980 na 1990, historia ya mtungi mara nyingi huanzia Hollywood Road, mtaa wa maduka ya vitu vya kale Hong Kong, na nyuma ya hapo ni giza. Yenye karatasi za kabla ya 1970 ipo, hasa Ulaya, lakini bei yake hupanda mara moja. Kwa Marekani, kundi zima limo ndani ya zuio la 2009.

*Kuishi nacho.* Sentimita 30 hadi 40 kwenda juu, mwepesi kuliko unavyodhani, imara kwa kiasi chake. Udongo usio na mpako, yaani ile ngozi ya kioo, hunywa unyevu. Usiuweke maji wala maua.

*Unamfaa nani.* Anayependa mchoro na umbo kuliko hadithi. Mwenye nafasi ya meza fupi. Pia anayetaka kitu kimoja kikubwa chumbani, wala hana haja ya rafu nzima ya vitu.

Vyombo na vifano vya Han

Nikiri upendeleo wangu hapa, msomaji ajihadhari nao: Han ndilo kundi ninaloweza kulitazama siku nzima. Watu wa Han walizika wafu wao na maisha yote yaliyofinyangwa kwa udongo. Ghala la nafaka lenye miguu. Kisima chenye kapi na ndoo ukingoni. Jiko ambalo juu yake wamebandika samaki na upawa wa udongo. Zizi la nguruwe ambalo choo cha nyumba kimejengwa juu yake, mpango ambao mkulima wa wakati ule hakuona sababu ya kuuficha mbele ya wazee wake wa kuzimu. Hakuna hata kimoja kilichotumika; vyote vilitengenezwa kwa ajili ya kaburi.

Kuna aina mbili unazopaswa kuzitenganisha. Ya kwanza ni udongo wa kijivu uliopakwa rangi baada ya kuchomwa: nyeupe, nyekundu, wakati mwingine ile zambarau ya shaba na bariamu ambayo Wachina wa kale waliitengeneza wenyewe. Ya pili ni udongo mwekundu wenye mpako wa kioo wa risasi, kijani kwa sababu ya shaba au kahawia kwa sababu ya chuma. Ile ya pili ndiyo inayoenea zaidi sokoni, hasa mitungi ya *hu*, iliyoiga umbo la vyombo vya shaba, na mara nyingi ina nyuso za zimwi lenye pete puani mabegani.

*Bei na upatikanaji.* Mtungi wa *hu* wa kijani, ghala au kisima: dola mia tano hadi elfu mbili hivi. Mbwa wakubwa na farasi wa Sichuan, wenye nyuso za kucheka, wako mbali sana juu ya hapo. Kwa bei moja na mtungi wa Banshan mtu anaweza kupata vifano viwili au vitatu vidogo, akaanza kujenga shamba lake la kale kidogo kidogo.

*Ughushi.* Mpako wa risasi ukikaa karne nyingi kwenye ardhi yenye unyevu huoza kwa tabaka, na tabaka hizo huvunja mwanga, ndipo unapoona ngozi ya fedha inayometameta juu ya kijani. Ngozi hiyo halisi imetokana na mpako wenyewe. Hukaa kwa mabaka, mzito mahali pamoja na hakuna mahali pengine, na kwenye kingo hubanduka kama maganda membamba. Ya bandia hupuliziwa, hutandaa sawasawa, na aghalabu hutoka kwa pamba yenye asetoni. Jambo la pili: vyombo vingi vilichomwa vikiwa vimepinduliwa, kwa hiyo matone ya mpako yameteremka kuelekea mdomoni badala ya kitakoni. Geuza mtungi utafute matone hayo ukingoni mwa mdomo, pamoja na alama za vishikizo vya tanurini. Waghushi wa kisasa nao wanalijua hili, basi lisiwe ushahidi wako pekee.

Kwa vile vya kijivu, tatizo ni rangi. Rangi halisi ni unga ulioshikilia kwa shida. Hubaki kwa mabaka. Sanamu ya Han yenye rangi kamili, mbichi, mashavu mekundu, imeongezewa. Na ukikuta kisima chenye ndoo yake, uliza kama ndoo na kisima vilitoka pamoja. Visehemu vidogo huokotwa huku na huku vikaungwa ndoa.

*Hati na sheria.* Vifano vya shambani havifuatiliwi sana mmoja mmoja kwa kuwa vinafanana. Sanamu za watu kutoka maeneo ya makaburi ya kifalme karibu na Xi'an ni habari nyingine. Mwaka 2002 sanamu sita za Han ziliondolewa kwenye mnada New York baada ya China kueleza kwamba zimeibwa kaburini, na mwaka uliofuata zikarudishwa. Zile sanamu zisizo na mikono, mfano wa zilizofukuliwa Yangling kwa mfalme Jing aliyekufa 141 KK, awali zilikuwa na mikono ya mbao na nguo za hariri vilivyooza. Ukikutana nayo bila karatasi za miaka mingi nyuma, iache ilipo, hata muuzaji akushushie bei kiasi gani.

*Kuishi nacho.* Vidogo, vinakaa rafuni, vinazungumza na wageni. Mpako ni wa risasi: usiweke humo matunda, kinywaji, wala chochote kitakachoingia kinywani. Vile vya rangi ya baridi, yaani iliyopakwa baada ya kuchomwa, visipanguswe hata kwa kitambaa. Brashi laini kavu inatosha, na si kila wiki.

*Vinamfaa nani.* Anayependa hadithi ya maisha ya kawaida. Anayetaka kujifunza kwa kushika vitu vingi badala ya kimoja. Mwenye nyumba ndogo.

Sanamu za Tang

Farasi, ngamia mwenye mizigo, mtunza farasi mwenye ndevu za mgeni kutoka Asia ya Kati, mabibi wanene wa mikono mirefu, walinzi wa kaburi wenye pembe. Mpako wa rangi tatu, unaojulikana kama *sancai*, umetokana na risasi iliyotiwa shaba kwa kijani, chuma kwa kahawia ya asali, na mara chache kobalti kwa buluu. Zilifikia kilele mwishoni mwa karne ya 7 na nusu ya kwanza ya karne ya 8. Baada ya uasi wa An Lushan wa 755, anasa hiyo ya mazishi ilififia sana.

Serikali ya Tang iliweka mipaka ya idadi na urefu wa sanamu kulingana na cheo cha marehemu. Watu hawakuzingatia sana. Anayetaka kuona kundi kamili atazame lile la jemadari Liu Tingxun, aliyekufa mwaka 728, katika British Museum, London: sanamu 13, kubwa zake zikizidi mita moja kidogo. Ni vizuri kulitazama kabla hujanunua chochote, maana baada ya hapo farasi wengi wa madukani wanaanza kuonekana kama punda.

*Bei na upatikanaji.* Pana pengo kubwa ndani ya kundi moja. Mhudumu mdogo wa sentimita 20 hivi, asiye na mpako, aliyepakwa rangi iliyofifia, hupatikana kwa dola mia chache hadi elfu moja na nusu. Farasi wa rangi tatu mwenye hati safi huanzia makumi ya maelfu. Desemba 1989 farasi mmoja aliyekuwa mali ya mfuko wa pensheni wa reli ya Uingereza aliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni tatu. Kati ya ncha hizo mbili, bibi mnene asiye na mpako ni chaguo ambalo watu hulisahau: uso wake umechongwa kwa ustadi ule ule, ila soko linapenda kung'aa.

*Ughushi.* Sanamu hizi zilianza kuonekana kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20, reli ilipokatiza maeneo ya makaburi karibu na Luoyang, na ughushi ulifuata nyuma ya reli. Leo kijiji cha Nanshishan, nje ya Luoyang, kinajulikana waziwazi kwa kutengeneza nakala za Tang. Wao wanauza nakala kama nakala, hawana kosa. Kosa huanza nakala ikishafukiwa, ikakwanguliwa, ikapewa cheti.

Tazama hivi. Mpako halisi una nyufa ndogo mno, karibu huzioni bila lenzi. Nyufa kubwa za wazi ni za kutiliwa shaka. Mpako huteremka na kusimama ovyo juu ya kwato, haukukatwa kwa mstari. Nyuso za watu kwa kawaida hazina mpako. Zilichorwa kwa brashi, nywele nyeusi, midomo myekundu. Udongo ni mweupe wa maziwa au una wekundu wa mbali. Matope ya kaburi yameshika kwa karne. Ukiyalowesha kidogo yakayeyuka yote mara moja au yakanuka gundi, rudisha kitu mezani.

Kwa Tang, TL ni lazima, na itobolewe angalau sehemu mbili: mwilini na kwenye kitako au mguu. Kwa farasi wa bei kubwa, ongeza picha ya eksirei. Karibu farasi wote wamewahi kuvunjika miguu, na kuungwa si dhambi. Dhambi ni miguu minne mipya chini ya kiwiliwili cha kale bila mnunuzi kuambiwa.

*Hati na sheria.* Bahati ya kundi hili ni kwamba limependwa Ulaya tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakusanyaji kama George Eumorfopoulos walinunua mapema, katalogi zao zipo, na sanamu zenye historia ya miaka ya 1920 au 1930 bado hurudi mnadani. Utalipa ziada kubwa kwa karatasi hizo, na hiyo ziada kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya bei yenye thamani ya uhakika zaidi. Mwaka 907 ndio mwisho wa zuio la Marekani, hivyo sanamu zote za Tang zimo.

*Kuishi nacho.* Miguu myembamba na uzito juu: farasi akitikiswa huanguka. Bamba la chini linasaidia kidogo. Nyumba yenye paka au watoto wadogo inataka kabati la kioo lililofungwa ukutani.

*Zinamfaa nani.* Mwenye subira ya kukaa miaka bila kununua, mwenye bajeti ya vipimo juu ya bajeti ya kitu, na asiyeumia kuambiwa "hapana" na mtaalamu.

Kauri za majahazi yaliyozama

Jahazi la Tek Sing lilitoka Xiamen mwaka 1822 likielekea Batavia (Jakarta ya leo), likazama katika mlango-bahari wa Gaspar, Indonesia. Shehena yake, vyombo takriban 350,000, iliopolewa mwaka 1999 na kuuzwa Stuttgart Novemba 2000. Kabla ya hapo shehena ya Geldermalsen, meli ya Waholanzi iliyozama 1752, iliuzwa Amsterdam mwaka 1986. Ni mabakuli, visahani, vikombe na vijiko vya watu wa kawaida, buluu juu ya nyeupe.

*Bei na upatikanaji.* Rahisi kuliko yote. Bakuli la Tek Sing hupatikana kwa dola mia moja au chini ya hapo.

*Ughushi.* Mdogo, kwa kuwa faida ni ndogo. Angalia mng'aro uliofifishwa na mchanga, na mabaki ya matumbawe. TL kwa kauri ni kazi ngumu na haina maana kwa bei hii. Ushahidi wako ni kibandiko cha mnada na namba yake katika katalogi. Kibandiko hakikosi kuhamishika, kwa hiyo linganisha na picha.

*Hati na sheria.* Karatasi ni safi, dhamiri ndiyo yenye kazi. Wanaakiolojia wengi wanapinga uopoaji wa kibiashara, na mkataba wa UNESCO wa 2001, wa kulinda urithi wa chini ya maji, unaukataa. Shehena ya jahazi la Belitung, lililopatikana Indonesia mwaka 1998 likiwa na mabakuli ya tanuri za Changsha, China, mojawapo limeandikwa tarehe inayolingana na 826, iko Singapore kama mkusanyo mmoja. Hata hivyo maonyesho yake Washington yaliahirishwa mwaka 2011 kwa malalamiko hayo hayo.

Jahazi hilo la Belitung lilishonwa kwa kamba, mtindo wa Bahari ya Hindi, na vigae vya Changsha vya namna ile ile vimefukuliwa Manda, Shanga na Unguja Ukuu. Karne zilizofuata zilileta seladoni ya Longquan, vyombo vya China vyenye mpako wa kijani, kisha buluu-nyeupe, zikawekwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu na Pate na kupachikwa kwenye nguzo za makaburi Kunduchi na Kaole. Mengi ya makaburini yamebanduliwa; umebaki mviringo mtupu kwenye chokaa. Basi jambo hili liwe wazi: kigae cha ufukweni Kilwa au bakuli la kaburini si kitu cha kukusanya. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kenya, sheria ya 2006 inahesabu kuwa mambo ya kale hata kitu kilicholetwa nchini kabla ya 1895. Ukitaka kuvishuhudia, nenda Fort Jesus, Gedi au Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam.

*Kuishi nacho.* Kauri haina shida, ila iliyokaa baharini bila kutolewa chumvi vizuri inaweza kuendelea kuchubuka mpako.

*Zinamfaa nani.* Anayeanza, anayetaka zawadi, anayetaka kupata uzoefu wa macho bila hasara kubwa.

Kwa hali yako

Una dola 300 na hujawahi kushika kitu cha kale: nunua bakuli mbili za shehena, au usinunue kitu, zitumie kwenda kuona makumbusho. Mhudumu wa Tang wa bei hiyo bila karatasi ni kamari.

Una dola 2,000: hapo Han na Banshan zinashindana kweli. Ukipenda kugeuzageuza vitu mkononi na kuvisimulia, chukua Han. Ukitaka kitu kimoja kitawale chumba, chukua mtungi. Kabla ya yote uliza ni kipi kati ya viwili ulivyoonyeshwa chenye hati ya zamani zaidi. Mara nyingi hilo litakuamulia.

Unaishi Marekani au Ulaya: nunua kilichomo tayari ndani ya nchi au ndani ya Umoja huo, chenye ushahidi, ili mpaka usiwe shida yako. Unaishi Muscat au Dubai na unafikiria kurudi nyumbani nacho siku moja: weka karatasi zote za manunuzi na uingizaji, pamoja na picha, tangu siku ya kwanza.

Unaishi Mombasa, Unguja au Dar: adui wako si joto, ni unyevu unaopanda na kushuka. Kiyoyozi kinachowashwa jioni na kuzimwa asubuhi huifanya chumvi iliyomo udongoni iyeyuke na kuganda tena kila siku, na kila ikiganda inasukuma rangi nje. Sanamu za Tang na Han zenye rangi ya baridi zitateseka, kauri haitajali, mtungi wa Majiayao utavumilia ukikaa mbali na kiyoyozi na dirisha.

Una fedha ya farasi: tafuta kwanza mtaalamu asiye na kitu cha kukuuzia, umlipe kwa saa. Kisha subiri farasi mwenye katalogi ya kabla ya 1970, ulipe TL ya matundu mawili na eksirei kutoka mfukoni mwako, na mkataba wa mauzo useme kwa maandishi kwamba fedha inarudi endapo maabara itakataa.